Tulimzika Kashindi na Hewa Ndani

Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, halafu anyamaze. Kisa hiki nimekisimulia kanisani, nimekisimulia kwenye vilio vya watu, nimekisimulia hata kwa daktari aliyekuwa ananipima macho, na kila mara kuna mmoja wa nyuma anauliza, "Papa, ile siku ulikuwa umekunywa?" Minye, mimi huyu, sinywi! Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, niliionja mara moja ujanani, ikaniumiza tumbo wiki nzima, basi. Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya mawili, saa tano ya asubuhi, jua linawaka, nikiwa nimeshiba bugali na sombe.

Tena nisisikie mtu akisema mizimu hutembea usiku. Huko kwenu labda. Hapa Uvira, miaka ya vita, usiku kulikuwa na kuvrefe. Giza likianza tu kila mtu ndani, na anayeonekana barabarani anapigwa risasi kwanza, jina anaulizwa baadaye. Sasa nani angetembea? Hata wafu walipanga safari zao mchana.

Ili unielewe, lazima nikueleze kazi yetu. Kabla ya vita kulikuwa na Mzungu mmoja, sisi tukimwita Patroni, aliyekaa kusini ya mji kule ziwa linapokuwa na mawe. Alikuwa anakamatisha samaki wa mapambo. Samaki wa urefu wa kidole, wenye mistari na rangi, wanatiwa kwenye mifuko ya plastiki yenye maji na hewa, wanapanda ndege mpaka Ulaya. Huko watu wanawatazama. Hawawali, wanawatazama tu! Mama yangu mzazi nilipomweleza kazi hiyo alidhani nimekuwa mwizi na namficha.

Kuwakamata lazima uzame mpaka kwenye mawe, chupa ya hewa mgongoni, wavu mkononi. Na kifuani tulivaa jile. Si hizi jile za kisasa mnazoziona kwenye televisheni. Zile zilikuwa kuukuu hata siku Patroni alipozinunua, rangi ya chungwa iliyopauka, unazitia kichwani zinakaa shingoni na kushuka kifuani kama kitambaa anachofungwa mtoto akinyweshwa uji. Ndani ni mfuko wa mpira. Pembeni kuna bomba refu lenye mikunjo, na mwisho wake kuna mdomo na kitufe, sisi tunaita buto. Ukitaka kupanda, unapuliza kwa kinywa, jile inajaa. Ukitaka kushuka, unainua bomba juu ya kichwa, unabonyeza buto, hewa inatoka. Juu ya kichwa, umesikia? Ukilishika chini hewa haitoki, maana ndani ya maji hewa siku zote inakimbilia juu. Halafu kwenye pindo la jile kulikuwa na kichupa cha gazi, kidogo kama kidole gumba, chenye kamba. Ile kamba Patroni alisema msiiguse mpaka siku kifo kimewakodolea macho. Ukiivuta, puu! Jile inajaa mara moja na unarushwa juu utake usitake.

Mwenzangu wa kazi alikuwa Kashindi. Minye nilimwita yaya kwa kuwa alinizidi umri, yeye aliniita mudogo. Lo, yule mtu alikuwa mbishi! Ukimwambia leo Jumatatu, anakwambia ngoja kwanza tuone. Habari ya kuinua bomba hakuikubali kamwe. Yeye alilishika kiunoni, akabonyeza, hewa ikakataa kutoka, basi akakumbatia jiwe kubwa kushuka nalo, na akirudi juu anasema bomba limeharibika. Miaka yote ile bomba limeharibika! Lakini hakuna aliyeyajua mawe ya chini kama yeye. Na siku chupa yangu ilipoishiwa hewa chini ya mwamba, ni yeye aliyenipa mdomo wa chupa yake, tukapanda polepole tukipokezana pumzi. Nilimpenda Kashindi, nasema wazi.

Vita ikaja. Patroni akavuka Burundi na begi moja, akatuachia jile, chupa, na kompresa ya kuzijaza. Samaki wa kutazamwa hakukuwa tena na wa kuwatazama. Tukawa tunazamia vitu ambavyo vita ilitupa ziwani: mota za mitumbwi, baiskeli, mara moja cherehani nzima. Vita ya kwanza ikaisha, tukapumua kidogo, ikaanza ya pili. Na ilipoanza hiyo ya pili malaria ikapanda kichwani kwa Kashindi. Dawa mjini zilikuwa zimeporwa. Siku tatu tu, na yaya wangu akafa, muntu aliyetoka salama chini ya maji mara elfu, akafa kitandani kwake Rugenge kwa mbu.

Mke wake tunamwita Mama Riziki, kwa jina la binti yao wa pekee, ambaye wakati ule walikuwa wamempeleka Baraka kwa bibi yake. Basi tulipotaka kumvalisha marehemu, nguo hakuna. Suti yake ya ndoa waporaji walishaibeba. Mama Riziki akasimama katikati ya kilio akasema, "Bwana yangu hatalala na fulana ya matundu. Mumuvalishe jile yake. Kila mara akiivaa alikuwa anatembea kama shefu." Nani angebisha? Nikamvalisha minye mwenyewe, nikafunga mikanda, machozi yananidondokea mikononi.

Na kile kichupa cha gazi? Nilikiona. Sitaki kudanganya, nilikiona. Nikasema nitakifungua nikitoe, halafu kule mlimani mabomu yakaanza kulia, bum, bum, na katekista akasema harakisheni, na minye nikaharakisha.

Sanduku tulilipigilia kwa milango ya kabati, mbao hazikukutana vizuri. Tukafika makaburini mbio mbio. Katekista amesoma, amefika pale pa kusema wewe u mavumbi, wachimbaji wanashusha kwa kamba, sanduku likainama upande wa miguu. Marehemu akateleza kidogo ndani. Kamba ya kichupa ikanasa kwenye msumari.

PUU!

Sanduku likavimba. Niamini, lilivimba, misumari ikalia, na kwenye ufa wa upande wa kichwa likachomoza lile bomba la mikunjo, likasimama linatikisika kama linatafuta mtu. Kwaya ilikimbia, lakini mbele ya kwaya yote alikuwa katekista, na kanzu ameikusanya mkononi. Tukabaki minye, wachimbaji wawili waliotumbukia shimoni kwa hofu, na Mama Riziki.

"Shemeji," akaniuliza, "ni nini ile?"

Ningeinama. Nusu dakika ingetosha: nishike bomba, nibonyeze, hewa itoke, biashara imekwisha. Lakini mabomu yalikuwa yanasogea, na minye niliogopa. Nikamwambia, "Ni hewa tu, shemeji, ni kitu kidogo." Nikawaambia wachimbaji watoke wafukie. Wakafukia.

Ikapita kama mwezi na nusu. Siku hiyo niko peke yangu kwenye mtumbwi mdogo, mbele ya mawe, najiandaa kuzamia mota ya mtu wa Kalundu. Ziwa limetulia. Mara mtumbwi ukainuka upande mmoja. Sikiliza vizuri: haukuzama upande mmoja, uliinuka, kama mtu ameushika ukingo anauvuta kwenda mbinguni. Nikageuka.

Kashindi. Ameshika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili, kichwa chini, miguu juu hewani, jile imejaa mpaka inamfinya mashavu.

Ungefanya nini weye? Minye nilipiga ukelele ambao mpaka leo wavuvi wa Kimanga wananiigiza nikipita.

"Acha makelele," akasema. "Unishike, mudogo, upepo utanibeba."

"Yaya, weye ulikufa!"

"Minye najua. Unazani sikuwa pale?"

Nikamshika mkono. Mkono ulikuwa baridi, mwepesi, lakini ulikuwa mkono. Akanieleza mateso yake. Tangu tumzike hajaweza kushuka. Watu wa kwao waliotangulia anawasikia huko chini wanaongea, lakini kila akijaribu kuingia ardhini anarudishwa juu na ile jile. Upepo wa mlimani ukivuma anapeperuka. Juzi, akasema, alifika mpaka Kavimvira, na muntu wa mpakani akainua macho akamuuliza, "Weye wa huko juu, karatasi yako ya kuvuka iko wapi?" Akalazimika kushika nguzo ya bendera mpaka upepo ugeuke. Sijui kama ni kweli au alitia chumvi. Hata akiwa hai alikuwa anatia.

"Sasa si ubonyeze buto?" nikamwambia.

"Nimebonyeza mpaka kidole kimechoka."

"Nionyeshe namna unavyobonyeza."

Akanionyesha. Bomba kiunoni! Hasira zikanipanda, nikasahau kwamba naongea na mfu. "Si nilikuambia juu? Juu ya kichwa! Miaka yote nakuambia!"

"Hii bomba iko imeharibika," akasema.

Tukagombana pale juu ya maji kama zamani, yeye kichwa chini, minye nina hasira na hofu pamoja. Mwisho akakubali kuliinua, akanitazama kama ananifanyia hisani, akabonyeza. Hewa haikutoka. Akacheka mpaka mtumbwi ukataka kupinduka. "Umeona?" Lakini minye nilipoigusa ile jile nikaelewa. Mkono wangu ulipita ndani yake. Kile alichovaa kilikuwa kivuli cha jile. Jile yenyewe ilikuwa makaburini, na hewa yake iko mule, chini ya udongo niliowaambia wafukie minye mwenyewe. Nisipoitoa, yaya wangu atapepea mpaka siku ya mwisho. Nikaona haya, nikashindwa hata kumtazama.

Nikafunga kamba ya mtumbwi kwenye kifundo cha mguu wake, nikashika njia ya Rugenge, kumwomba mjane ruhusa ya kuchimba. Watu barabarani hawakumwona Kashindi, waliona kamba tu imekwenda juu. Mama mmoja muuza ndakala, dagaa wa ziwani, akaniuliza, "Papa, hiyo kamba inashikwa na nani huko?" Nikamwambia ni antena ya redio. Akakusanya sahani zake akakimbia, maana siku zile kukutwa karibu na mtu wa antena ni kuitwa mpelelezi.

Mama Riziki alikuwa mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwandaa, namna ya kumwambia polepole. Hakuningoja.

"Asante Yesu, umemuleta," akasema. Akanipokonya kamba mkononi, akaivuta ndani, akaifunga kwenye mguu wa kitanda kwa fundo moja la haraka, fundo la mtu aliyelizoea. "Nilimukataza kutoka siku ya upepo. Hasikii."

Na Kashindi akapanda taratibu mpaka mabati, to! Akabaki pale, mgongo kwenye bati.

Kumbe alikuwa naye siku zote! Mwezi na nusu mjane anaishi na mumewe darini. Bakuli lake la chakula liko juu ya kabati iliyobaki bila milango. Nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia kilichonileta.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Shemeji," akasema, "wanawake wa hii avenue waume zao walikwenda, wakasema watarudi. Nani amerudi? Wangu alikufa, na amerudi. Na weye, weye uliyemuzika na hewa, njo unakuya sasa kuitoa?"

Nilitazama miguu yangu. Alikuwa na haki, na Kashindi alikuwa na haki, na mwenye kosa nilikuwa minye.

Ndipo Kashindi akasema kutoka juu, "Mama Riziki, nimechoka."

"Umechoka nini? Haulimi, haupigi kasia, bugali nakuletea."

"Nimechoka kuona kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Cha kichwa chako. Tangu nirudi sijaona uso wako. Naona kile cha bluu, naona kile cha maua, basi. Na ukiangalia juu, jua la matundu linakuingia mu macho, unafumba."

Bati la nyumba ile lilikuwa na matundu ya risasi, na saa ile jua lilikuwa linapita humo kwa mistari. Mama Riziki akainua uso kumwangalia. Mwanga ukampiga, akafumba macho. Akajaribu tena, akayafumba tena. Akakaa kitandani akalia kwa sauti, na minye nikalia, na huko juu Kashindi akawa anatuambia tunyamaze majirani watasikia. Kisha mama yule akapangusa uso kwa kanga, akachukua jembe nyuma ya mlango.

"Twende," akasema.

Kwenye bariyeri ya njia ya makaburi kulikuwa na askari mmoja, bunduki begani. "Munaenda wapi na jembe?"

Nilikuwa natafuta uongo mzuri, Mama Riziki akajibu kabla yangu. "Kutoa hewa bwana yangu."

Askari akanitazama minye. "Bwana yake iko muzima?"

"Iko mufu, shefu."

"Mufu ya hewa gani?"

Nikamweleza. Jinsi nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kukunja uso, mwisho akaamua kwamba sisi tumezika silaha. Akatuambia tutangulie, akatufuata na bunduki, kidole tayari. Basi nikachimba kaburi la yaya wangu na mtutu mgongoni, jasho linanitoka la aina mbili. Sikuhitaji kufika kwenye sanduku. Upande wa kichwa, chini kidogo tu, jembe likagusa kitu laini. Lile bomba. Lilikuwa bado limesimama vilevile ndani ya udongo.

"Ni bomu?" akauliza askari, akarudi nyuma hatua tatu.

Nikalipangusa mchanga, nikataka kubonyeza. Mama Riziki akanishika mkono. "Wacha minye nibonyeze," akasema. Akapiga magoti. Nikamwelekeza: uinue mdomo wa bomba juu ya kichwa, kidole kwenye buto, usiogope. Akaliinua mara moja bila ubishi, moyoni nikasema, yaya, tazama mkeo.

"Mule ndani kuko nini?" akaniuliza.

Nikamwambia kweli. Kuna gazi ya kile kichupa. Na chini ya gazi kuna pumzi ya Kashindi, moja, kwa sababu sisi jile hatukuzihifadhi tupu kabisa. Mpira ukiwa mtupu unagandana na kuoza, kwa hiyo kila ukimaliza kazi unapuliza pumzi moja ndani, unaiacha. Hiyo aliipuliza mwenyewe siku ya mwisho tuliyofanya kazi, kabla homa haijamshika.

Akabonyeza. Fssssssss!

"Gazi! Gazi!" Askari akalala kifudifudi, akafunika kichwa, kisha akainuka akakimbia bila kofia. Hatukumwona tena. Hewa ilitoka ndefu, ina harufu ya chuma na mpira. Mama Riziki ameshikilia, mkono juu, hatingishiki. Kisha harufu ikabadilika. Tangawizi. Kashindi kabla ya kuzama alikuwa anatafuna tangawizi, anasema inatia joto. Nayo ikaja pale, tangawizi safi, juu ya kaburi. Mama Riziki akaachia buto.

"Bado, shemeji," nikamwambia. "Bonyeza imalizike."

"Gazi imetoka. Hii iko yake. Siitoi."

Patroni angecheka, maana hewa haitengani namna hiyo, ikichanganyika imechanganyika. Lakini Patroni hakuwepo. Nikafukia, bomba nikalilaza taratibu.

Tuliporudi nyumbani, Kashindi alikuwa amesimama katikati ya chumba. Hakuwa kwenye bati, wala hakuwa ameshuka kwao. Miguu yake ilikuwa shibiri moja tu kutoka chini, na uso wake sawasawa na uso wa mkewe. Kwetu wazamiaji huo ndio ufundi wa mwisho, kusimama katikati, usipande wala usizame. Patroni alitupigia kelele miezi na miezi ili tuupate. Mama yule ameupata siku ya kwanza, na hajawahi hata kuogelea. Wakatazamana. Nikatoka nikafunga mlango, jembe nikalisahau humo.

Ungedhani kisa kimeisha. Lakini zile jile zilikuwa kuukuu, nimekwambia, na mpira wa zamani unavuja. Kidogo kidogo, huwezi kuona kwa siku moja. Mwanzoni Kashindi alitembea kwa raha, akawa anakuja mpaka pwani kunikosoa kazi yangu, namna ninavyofunga mota, namna ninavyoshika bomba. Mzimu unakufundisha kazi! Miezi ikapita, nyayo zikagusa chini, kisha zikaingia chini. Akaacha kuja pwani. Nilipokwenda kumsalimia nikamkuta sakafu ya udongo imemfika magotini, na bado anabisha kwamba nyumba ndiyo inapanda. Mwaka mwingine ikamfika kiunoni. Akawa anakula kwa starehe kwenye meza fupi, anasema haijawahi kumfaa namna ile. Wakubwa wa vita walipoanza kuzungumza habari za amani, Kashindi alikuwa amebaki kichwa tu, pale kando ya mafiga, na Mama Riziki anafagia akimzunguka.

Nilikuwa na kichupa kimoja cha gazi, cha mwisho, nilichojiwekea minye kwa siku mtumbwi utakapopinduka. Nikakipeleka. Nikasema tuchimbe, tuijaze jile tena. Nilisema kwa moyo wangu wote.

"Weka, mudogo," akasema kutoka sakafuni. "Utanirudisha kwenye bati. Tena huku chini watu wa kwetu wananiita. Miguu yangu iko kwao zamani. Kuko joto."

Nikamtazama Mama Riziki, nikingoja apinge. Hakupinga. Alitandika mkeka, akalala chini, shavu lake kwenye udongo, uso wake na uso wa Kashindi pua kwa pua. Hivyo ndivyo walivyokuwa kila mchana baada ya chakula, siku nyingi. Kidevu kikaenda, kinywa kikaenda, akawa anabisha kwa macho, na mkewe anamjibu kwa kinywa kwamba amesikia. Kisha Jumapili moja, watu wanatoka kanisani, Mama Riziki akaja kwangu Kimanga amejifunga kile kitambaa cha maua.

"Shemeji," akasema, "ameshuka."

Nililia siku ile kuliko nilivyolia msibani, mke wangu akadhani nimepata habari mbaya. Mama Riziki ndiye aliyenipigapiga mgongo kunituliza.

Amani ilikuja, kwa namna yake. Riziki alirudi kutoka Baraka, akaolewa vizuri, akamletea mama yake mafundi wa simenti. Mama Riziki alisimama na mwiko mkubwa wa bugali mbele yao. Nyumba nzima ina simenti isipokuwa mraba mmoja kando ya mafiga, udongo mtupu, na juu yake mkeka. Ukienda saa nane ya mchana utamkuta amelala hapo, shavu chini. Na minye, hadi leo, nikikaribishwa kwa watu sikai mara moja. Naangalia mabati kwanza, halafu naangalia chini, polepole, nisije nikakanyaga uso wa muntu. Nina jina baya kwa hilo, wanasema nakagua nyumba zao. Na kila kilio cha Kimanga naingia kukagua sanduku, wanipende wasinipende. Juzi nilitoa mpira wa miguu kifuani mwa marehemu, ukoo wake ukataka kunipiga.

Basi weye uliyenisikiliza, chukua hili uende nalo. Siku utakapomvalisha wako, kagua pindo, kagua mifuko, chenye hewa kitoe kabla ya msumari wa kwanza, hata kama mlima unalia mabomu. Usiseme kama minye kwamba ni kitu kidogo. Na kama umechelewa, kama ameshazikwa na hewa yake na yuko juu ya bati anagonga, basi usikimbilie kubonyeza. Mwite mjane. Mpe bomba mkononi, mwonyeshe pa kushika, halafu simama kando, maana yeye ndiye anayejua aache kiasi gani.